Mgeni Asiyeshika Jembe

Saa kumi na mbili asubuhi, na Punta Arenas bado ni usiku;
jua la Juni halitatoka hadi karibu na saa nne.
Upepo unagonga mabati ya wodi
kama mtu aliyesahau ufunguo wake.
Naingia chumba namba saba, nanawa mikono,
kiganja kwa kiganja, baina ya vidole, chini ya kucha,
nahesabu hadi ishirini bila kuibia hata moja,
ndipo nauliza: Umeamkaje, don Eleuterio?

Kama kondoo aliyefungwa miguu, anasema, akingoja mkasi.

Anajua anachokisema. Miaka arobaini na mmoja
amenyoa kondoo katika mashamba ya kusini,
nyonga yake ikaja kuvunjikia kwenye barafu,
hatua tatu kutoka mlangoni kwake.

Nawe mpira mwembamba, umelala pajani pake
umejinyamazia, unatiririsha.

Siku ya kwanza nilikukaribisha.
Upasuaji ulikuhitaji, nami sikubishi.
Nilikuingiza kwa glovu safi, kwa mkono usiotetemeka,
nikakufunga kwa plasta usije ukavutwa,
mfuko wako nikautundika chini ya kibofu
lakini si sakafuni; sakafu ina mambo yake.
Wapagazi nikawaambia: msiuweke juu ya tumbo lake
mnapomsukuma kwenda kupigwa picha.
Mkojo ukirudi ulikotoka
haurudi peke yake.

Siku ya pili nilikuvumilia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe huna mkono wa kushika jembe.
Wewe nakupa mlango.

Maana namkumbuka bibi Nolfa Mansilla,
kitanda cha dirishani, majira ya baridi yaliyopita.
Siku tisa mpira ulikaa ndani yake
na hakuna aliyeuliza unafanya nini.
Zamu ya usiku ilidhani zamu ya mchana inajua.
Zamu ya mchana ilidhani daktari ameagiza.
Daktari alikuwa hajui kama upo.
Siku ya kumi akaniita kwa jina la dada yake,
akaniomba nifunge lango, farasi wasitoke.
Joto lake lilipita shuka, likafika mkononi mwangu.
Aliletwa kwetu kwa ajili ya kifundo cha mguu.
Kifundo kilipona.

Daktari Kusanović anapita na kikombe cha kahawa.
Tuuache hadi Jumatatu, Ximena,
mzee ana maumivu, na nyie mko wawili tu.
Namuuliza: Tunauacha kwa ajili yake, au kwa ajili yetu?
Upepo unajibu kwanza.
Kisha anaweka kikombe chini, anatafuta kalamu.

Navuta maji ya puto kwa bomba la sindano,
mililita kumi, zote, nazihesabu.
Vuta pumzi, don Eleuterio. Toa.
Anataja mtakatifu nisiyemjua
na tusi ninalolijua vizuri.
Umetoka.

Sasa kungoja, na hili halimo katika kitabu chochote:
chupa ya plastiki kando ya mto,
glasi ya maji, glasi nyingine,
saa moja, mbili, nne,
mtu mzima wa miaka sabini na minane
akikodolea macho ukuta
kama mtoto aliyeambiwa ajaribu tena.
Nafungua bomba kidogo, liimbe.
Nafunga pazia. Naondoka,
kwa kuwa heshima nayo ni dawa.

Saa saba na dakika kumi kengele inalia.
Ameinua chupa kwenye mwanga, mkono umenyooka,
kama siku ile, anasema, alipowanyoa mia mbili na sita
kabla jua halijazama.
Naisoma mistari ya chupa. Naandika. Nacheka.
Kesho, asema, nitakwenda chooni kwa miguu yangu,
na wewe utabeba koti.

Nanawa mikono tena. Ishirini.
Chumba namba nane: mwanamke amelala,
na kando ya kitanda chake mfuko, nusu umejaa,
hauna tarehe.

Na wewe je, upo hapa kwa nini?